Mgongo Wangu Ulipoenda Bungoma

Hebu mchore mtu huyu akilini mwako kabla sijakutajia jina lake. Ni Jumamosi mchana, mjini Bungoma, uani nyuma ya jengo lililokuwa ghala la pamba. Pikapu nyeupe inaingia kinyumenyume, na kabla haijasimama sawasawa, mlango unafunguka na mtu anaruka nje. Kiatu kimoja kinabaki garini. Anachechemea hadi nyuma ya gari, anakumbatia kitu kipana kilichofungwa kwa shuka la kitanda lenye maua ya waridi, na anaanza kuzunguka nacho uani akitafuta pa kukificha. Anajaribu nyuma ya tangi la maji. Tangi ni jembamba. Anajaribu nyuma ya choo. Chooni mna mtu, tena anauliza, "Nani huyo?" Upande wa mbele wa jengo wanawake wanaimba wimbo wa kanisa, na kila wakifika kwenye kiitikio jamaa anashtuka kama aliyeitwa kwa jina.

Ungemwona ungesema ni mwizi, tena mwizi aliyeanza kazi juzi. Si mwizi. Ni mfanyakazi wa makumbusho, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Na ndani ya shuka lile yumo yeye mwenyewe, uchi, anaoga.

Mtu huyo ni mimi, Mukhisa. Vuta kiti nikueleze, maana ukiniacha hapo uani utaondoka na picha mbaya, na picha mbaya ndiyo iliyonileta hapa.

Makumbusho yetu ni ya umma, ya sanaa za siku hizi na za juzi, na yana majumba mawili. La kwanza liko Kitale, ghala la zamani la mahindi. La pili ndilo hilo la Bungoma. Sisi wafanyakazi tunayaita Juu na Chini. Chini huwa kunakaa kazi za wachoraji waliotangulia, ambao wengi wao wamepumzika. Juu kunakaa za walio hai, wale ambao bado wanaweza kukupigia simu kulalamika kwamba umetundika kazi yao kichwa chini. Kila baada ya miezi kadhaa tunabadilisha: za Juu zishuke, za Chini zipande, ili watu wa pande zote mbili waone kila kitu bila nauli.

Cheo changu ni mhudumu. Nafungua milango, nafagia, natundika, natundua, nawaambia wageni wasiguse, kisha nafuta walipogusa. Hiyo ndiyo kazi. Lakini kwa wakwe zangu kule Bumula, karibu na Bungoma, cheo hiki kilipanda bila mtu kunipandisha. Tulikuwa matangani, mtu akaniuliza nafanya nini siku hizi, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nashughulikia sanaa ya mkoa mzima." Mikoa yenyewe ilishafutwa zamani, lakini ni nani atakurekebisha matangani? Shemeji yangu Makokha alitikisa kichwa kwa heshima. Nikaongeza, "Mje siku moja mtembelee." Maneno hayo yalinitoka kirahisi, kama mtu anayemkaribisha mgeni chai huku akijua sukari haipo na mgeni hatakuja.

Sasa tuje kwenye mgongo.

Kitale kuna mchoraji anaitwa Nyambu, Mtaita aliyepanda huku ujanani, akapenda baridi yetu na kusahau kurudi kwao. Siku moja nilikuwa nafagia, vazi la kazi likiwa kiunoni kwa sababu ya joto. Nikahisi mtu ananitazama.

"Mukhisa," akasema, "wewe una mgongo."

"Kila mtu ana mgongo, mzee."

"Hapana. Watu wana mahali pa kuvalia shati. Wewe una mgongo."

Nisikudanganye. Katika maisha yangu nimesifiwa mara chache, na hakuna aliyewahi kuanzia upande huo. Nilifagia ghala zima mara mbili siku hiyo. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye chumba chake cha kazi, nimechutama ndani ya karai, namwagilia mabega maji kwa kikombe cha plastiki, huku mzee akichora na jiko la makaa likiwaka pembeni nisije nikafa kwa baridi kabla picha haijaisha. Malipo yangu yalikuwa chai na mandazi.

Utaniuliza: hukuona haya? Nilikuwa na hoja yangu. Nilikuwa nimetundika kazi za Nyambu kwa mikono yangu. Ng'ombe wake ni wa buluu. Mwanamke wake anayesuka ukili ana uso kama jembe. Nikajiambia, hata akinichora mimi, nitatoka kama birika. Mamangu mzazi atapita bila kunisalimu. Kumbe mzee alikuwa amechoka na ng'ombe wa buluu. Kwangu mimi, baada ya miaka yote ile, akaamua kuchora kitu jinsi kilivyo.

Picha ile ilitoka kubwa kama mlango. Jina lake "Mtu na Maji." Mtu amechutama kwenye karai, amekupa mgongo, kichwa amekigeuza kidogo upande. Mbele huoni kitu, Mungu asifiwe. Lakini nyuma unaona vyote ambavyo nyuma huwa navyo. Unaona masikio yangu, ambayo rafiki zangu husema ni milango ya gari iliyosahaulika wazi. Na kutoka begani hadi karibu na kiuno unaona mistari miwili ya kovu, imeenda sambamba kama reli.

Makovu hayo yana historia, na historia yake ina mwenyewe. Nilipokuwa namchumbia Phelista, ambaye sasa ni mke wangu, nilikuwa napita nyuma ya boma lao Bumula jioni kumsalimia. Mama yake, Nabwile, alikuwa na mbwa wawili na ua wa seng'enge. Siku moja mbwa walinijua kabla ya mama kunijua. Niliruka ua. Mimi nilipita, shati halikupita. Nabwile alilikuta asubuhi limening'inia, limepasuka mara mbili mgongoni, akalifua, akalikunja, akaliweka. Siku tuliyoenda kupeleka mahari, wazee wakiwa wamekaa, shati lile lililetwa juu ya sinia. Boma zima lilicheka mpaka kuku wakatoka nje. Kwa hiyo katika dunia hii, watu wanaojua mgongo wa Mukhisa umepasuliwa vipi ni wachache, na mmoja wao ni mama mkwe wangu.

Kama wewe si wa huku kwetu, ngoja nikueleze uzito wa jambo hili. Mimi na mama Nabwile hatushikani mikono. Hatukai chumba kimoja. Tukikutana njiani, mmoja wetu anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Kwa kawaida ni mimi, na nimeshayajua mashamba ya watu wengi kwa njia hiyo. Hiyo ni heshima, wala si ugomvi. Na mwili wa mkwe hauonwi. Nabwile ni mtu wa kanisa na ni mtu wa mila vilevile, na vyote viwili anavishika kwa mkono mmoja. Akiuona mwili wa mume wa binti yake, miguu yake haitakanyaga nyumba ya binti huyo.

Na nyumba hiyo hajawahi kuikanyaga. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Tangu tuoane, mambo yalikuwa yakisogezwa: mara msiba, mara mavuno, mara mimi sijamaliza paa. Mwaka huu wazee wa pande zote walikubaliana: Desemba, Nabwile atakuja Kitale kwa mara ya kwanza, apokewe rasmi, ale chakula kwa binti yake. Phelista alipaka sebule rangi mwenyewe. Alifuma vitambaa vya viti. Kuna vikombe kwenye kabati la kioo ambavyo mimi na mtoto wetu Jentrix hatuna ruhusa hata ya kuvitazama kwa muda mrefu. Ni vikombe vya mama.

Sasa unaelewa. Picha ikiwa Kitale na mama mkwe akiwa Bumula, dunia ilikuwa imepangika.

Siku ya Jumatatu Phelista aliniletea habari akiwa anatabasamu. "Baba Jentrix, si ulikaribisha watu kazini kwako? Mama amekubali. Jumamosi anakuja Bungoma na kina mama wote wa kanisa. Wamekodi gari."

Nilimeza ugali bila kutafuna. Lakini bado, si ni Bungoma? Picha iko Kitale. Nikanywa maji, nikapumua.

Siku ya Jumanne msimamizi wetu, Madam Jepkorir, akatukusanya. "Wiki hii tunabadilisha. Za Juu zishuke Bungoma kufikia Ijumaa. Kuna kikundi kikubwa cha kina mama Jumamosi, nataka wapate kitu kipya. 'Mtu na Maji' naiweka ukuta wa katikati."

Nilinyoosha mkono. "Madam, ile picha fremu yake imelegea."

"Imelegea wapi?"

"Kote."

Aliyatazama masikio yangu. Mimi si mwongo hodari, masikio hunisaliti kwa kuwaka moto. Lakini alikuwa na mambo mengi. "Basi ibaki, uirekebishe. Ukuta nitauacha wazi."

Ijumaa kazi zote zilishuka isipokuwa moja. Nililala usingizi wa mtu aliyelipa madhambi yake. Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa peke yangu kule Juu, napiga mluzi, hata nikaipungia picha mkono. Simu ikalia.

"Baba Jentrix!" Phelista alikuwa na furaha iliyopasua sikio. "Kina mama wamebadilisha! Wanasema kwa kuwa wameshakodi gari, afadhali waje Kitale kabisa wanunue viazi na kabeji, waone na jumba la huko. Watakuwa hapo saa sita. Mama ameniambia nisimpikie, Desemba haijafika. Lakini atapita karibu! Waza tu!"

Niliwaza. Kisha nikafanya uamuzi, na naomba usinicheke mpaka nimalize. Niliitundua picha. Nilikimbia nyumbani, Phelista alikuwa ameenda sokoni, nikavua shuka kitandani. Niliifunga picha kwa shuka lile, nikamwita dereva wetu Kibiwott.

"Tunaenda wapi?"

"Chini. Fremu imepona."

"Imepona leo Jumamosi?"

"Kibiwott, washa gari."

Kibiwott ni mtu mpole wa kutoka huko mlimani, haulizi mara tatu. Tulipita Kiminini, tukapita Kamukuywa, mimi nimekaa nyuma na picha nimeishika isipeperuke, upepo unanipiga masikio yote mawili. Mpango wangu ulikuwa safi: kina mama wanapanda Kitale kwa njia ya Chwele na Kimilili, mimi nashuka Bungoma kwa njia ya Webuye. Wao na mgongo wangu tunapishana bila kuonana, kama tunavyofanya kwenye mahindi.

Utaniuliza: Mukhisa, kwa nini hukuigeuza picha ikatazama ukuta, ukaisukuma nyuma ya kabati, ukafunga stoo? Swali zuri sana. Lilinijia na mimi, tukiwa tumeshapita Webuye.

Hapo ndipo nilipohamia mbele kwa sababu mvua ilikuwa inaanza, na hapo ndipo simu ikalia tena.

"Baba Jentrix, pole." Sauti ya Phelista ilikuwa imeshuka. "Hawaji tena. Mvua imenyesha vibaya upande wa Chwele, gari limeteleza likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, wamesukumwa na vijana. Wamesema wanarudi tu hapo Bungoma, waangalie jumba la huko halafu waende nyumbani. Kwani uko wapi? Nasikia upepo."

"Niko kazini," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

Nilipokata simu nikamgeukia dereva. "Kibiwott, geuza gari."

"Bana, petroli ya kurudi tunawekewa Bungoma," Kibiwott akajibu. "Tukigeuza hapa, hiyo picha utaibeba kichwani."

Ndiyo maana uliniona nikiruka pale uani na kiatu kimoja. Nilikuwa bado nazunguka tangi la maji Madam Jepkorir alipotoka mlango wa nyuma. Akaona pikapu, akaniona, akaona shuka, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Mukhisa! Umeirekebisha na ukaileta mwenyewe, siku yako ya Juu! Halafu watu waseme huna bidii. Leta haraka, ukuta unangoja."

Yeye na Kibiwott waliibeba, na mimi nikafuata nyuma nimeshika kona ya shuka kama mtoto aliyeshika gauni la mamake. Tuliitundika. Iliingia kwenye pengo lile sawasawa, nikajiona nimechutama ukuta wa katikati, mbele ya mlango mkubwa, pale mtu akiingia hawezi kutazama kwingine.

"Sasa nenda uwapokee wageni, uwaongoze," Madam akasema. "Nasikia ni watu wa kwenu."

"Madam, siwezi."

"Unaumwa?"

"Nina mama mkwe."

Akatazama nje kupitia kioo, akawaona kina mama wakifuta matope miguuni. "Yuko hapo?"

"Yule mwenye kilemba cheupe."

"Hata kwetu wakwe wanaheshimiwa, Mukhisa. Lakini hatujifichi."

"Sisi tunajificha, Madam. Ndiyo heshima yenyewe."

Alifikiri, akanisukuma ndani ya kichumba cha mifagio kilichotengwa na ukumbi kwa ukuta wa mbao. "Basi ongea ukiwa humo. Nitawaambia ndiyo mtindo."

Na ndivyo nilivyowaongoza wageni wangu, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdomo kwenye mbao. Chini ya ukuta ule kuna uwazi mdogo. Kupitia hapo niliona viatu tu: ndala, raba, viatu vya kanisa, na katikati yao viatu vyeusi vya kamba vya mama Nabwile, vilivyopakwa rangi na sasa vimevaa tope la Chwele.

"Karibuni sana, mama zangu," nikaanza. "Mkono wenu wa kulia..."

"Hee! Ukuta unaongea!" mmoja akapiga ukelele.

"Ndiyo mtindo," Madam akasema bila kucheka.

Walianza na ng'ombe wa buluu. "Huyu amenyweshwa dawa ya kuulia kupe," mmoja akatoa hukumu. Wakapita kwa mwanamke wa ukili. "Uso huu ni wa mtu aliyeolewa mbali." Walikuwa wanacheka, na mimi kule ndani nilianza kupata moto, nikaeleza rangi, nikaeleza kwa nini mchoraji anaweza kumpa ng'ombe rangi ya mbingu. Ukweli ni kwamba sijui kwa nini. Lakini ukuta ukiongea, watu husikiliza kuliko mtu. Kwa dakika chache nilisahau kabisa kilichokuwa kinanisubiri katikati ya ukumbi.

Kisha kicheko kikakatika.

"Woi! Na huyu anaoga, watu wanapita!"

"Hana mlango wa kufunga?"

"Angalia masikio, jameni. Hayo ndiyo yamechukua sabuni yote."

"Mwanaume wa heshima hawezi..."

"Nyamazeni kidogo." Hiyo ilikuwa sauti ya mama Nabwile.

Viatu vyeusi vilisogea. Vilisimama mbele ya picha, ncha zikiielekea, vikakaa hapo. Nilihesabu pumzi zangu nikasahau nilipofika.

"Wewe wa ukutani," akasema.

"Naam, mama."

"Hii mistari miwili hapa mgongoni. Mchoraji aliteleza mkono?"

"Ni... ni mwanga, mama. Jua linaingia kwa dirisha, linapiga mgongo."

"Jua."

"Ndiyo, mama."

"Jua la wapi hilo lenye meno? Mwanga kama huu mimi nimewahi kuuona kwa seng'enge yangu."

Wenzake walicheka, wakidhani anamtania mchoraji. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika ufagio kwa mikono yote miwili.

"Mchoraji alimtoa wapi huyu mtu?" akaendelea.

"Ni mtu tu wa huko Kitale, mama."

"Ana mke?"

"Wanasema anaye."

"Anamlisha?"

"Vizuri sana, mama! Vizuri kabisa. Ni mke mwema, tena anamngojea mamake kwa hamu, amepaka hadi nyumba rangi..." Nikajikwaa hapo. Mtu aliye kwenye picha ya kuoga haelezwi kwa rangi ya sebule yake.

Kisha niliona viatu vyeusi vikigeuka. Taratibu, kwanza kimoja, halafu cha pili, mpaka visigino vikaielekea picha na ncha zikaelekea mlangoni. Vikabaki hivyo. Wenzake walipomaliza kutazama, wakauliza, wakacheka, yeye hakugeuka tena.

"Twendeni," akasema mwishowe. "Huyu mtu tumuache aoge."

Kina mama wetu hawatembelei mtu mikono mitupu, hata kama mtu mwenyewe ni jengo. Walikuwa wamekuja na kuku. Walimkabidhi Madam Jepkorir jogoo mwekundu, naye akabaki amemshika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Nilisikia mama Nabwile akimwambia mlangoni, "Kijana wenu wa ukutani anajua kazi. Lakini ale. Mwambieni ale."

Niliporudi Kitale jioni hiyo, Phelista alikuwa amesimama kando ya kitanda kitupu.

"Baba Jentrix, shuka langu liko wapi?"

Hapo sikuwa na ukuta wa mbao. Nilimweleza yote, kuanzia mandazi ya Nyambu hadi viatu vilivyogeuka. Alisikiliza ameshika kiuno. Nilipofika kwenye karai aliuma mdomo kuzuia kicheko. Nilipofika kwenye seng'enge, kicheko kilimpotea.

"Kwa hivyo Kitale yote imekuona, na mimi mwenye mali sikualikwa," akasema. Halafu akakaa kitandani. "Mama hajanipigia simu tangu afike. Kwa kawaida hunipigia hata kuniambia wamefunga mlango. Asipokuja Desemba, utaniambia nini?"

Kesho yake nilimwendea Nyambu nikamsihi aongeze shati. Shati tu, hata la mikono mifupi. Mzee alinitazama kama niliyemwambia akate mguu. "Nikimvalisha huyu, itabidi nimwage na maji. Na nikimwaga maji, atakuwa mtu aliyechutama kwenye karai tupu na shati. Hiyo utaielezaje ukutani?"

Siku zikapita. Nabwile alipiga simu, ndiyo, akauliza habari ya Jentrix, akauliza habari ya mvua. Phelista akataja Desemba. Mama akasema kuku wa jirani wameingia mbogani, akakata. Akataja tena wiki iliyofuata. Kuku wakaingia tena. Vikombe kwenye kabati vilianza kushika vumbi, na Phelista hakuvifuta.

Mpaka juzi shemeji Makokha alipotokea mlangoni na mfuko mkubwa. Ndani mlikuwa na blanketi. Zito, jipya, rangi ya udongo, lenye upana wa kumfunika mtu na karai lake.

"Mama amelituma," akasema. "Amesema Kitale kuna baridi. Amesema asije akakuta mtu hajajifunika."

Phelista alimshika mkono. "Asije akakuta? Kwa hivyo anakuja?"

"Mimi nimetumwa blanketi, dada. Maelezo sikupewa."

"Alikuwa anacheka akisema hivyo, ama alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa anachambua maharagwe."

Basi. Phelista amevitoa vikombe, ameviosha, ameviweka juu ya meza, halafu amevirudisha kabatini, halafu amevitoa tena. Mimi blanketi liko mapajani mwangu ninapokusimulia haya, na lina joto kweli. Kuna jambo moja tu sijakuambia. Jana Madam Jepkorir alitangaza zamu inayofuata. Za Chini zipande, za Juu zishuke. Desemba hii "Mtu na Maji" inarudi kwenye jumba la Kitale, kando ya barabara ileile ambayo mgeni wetu atapita akija, kama anakuja. Stoo, naambiwa, imejaa, na picha imeshawekwa kwenye bango la kutangaza maonyesho.

Blanketi ni moja. Wewe uliye na mkwe, nishauri: siku hiyo nijifunike mimi, au nikalitundike kule ukutani?